Usingizi Huanza Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kulala Vizuri Bila Vidonge, kwa Watu wa Moshi na Arusha

Anayekosa usingizi Moshi huanza na kimoja kati ya vitu vitatu: chai ya mchaichai, vidonge vya Piriton, au bia mbili za kulalia. Vyote vina kasoro ileile. Vinaanza kazi saa 4 usiku, wakati mambo yanayoamua kama utalala au hutalala yameshatokea tangu alfajiri: saa uliyoamka, mwanga ulioingia machoni, kahawa ya jioni, kausingizi ulikoiba kwenye kochi baada ya chakula cha mchana. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia asubuhi na kushuka taratibu hadi kitandani. Ukiruka ukaanzia kwenye mambo ya usiku, utahangaika bure.

Umeandikwa kwa mtu mzima ambaye mara tatu au zaidi kwa wiki hugaagaa zaidi ya nusu saa kabla ya kupata lepe la usingizi, au hushtuka saa 8 usiku akakodolea dari macho mpaka jogoo awike. Kama hali hiyo imeshapita miezi mitatu, madaktari huihesabu kuwa tatizo sugu, na hatua ya sita na ya saba za mwongozo huu zimetengenezwa hasa kwa ajili yako.

Kwanza ujue kinachokulaza

Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zürich, Uswisi, alieleza usingizi kwa nguvu mbili, na maelezo yake yanatumika mpaka leo.

Nguvu ya kwanza ni shinikizo la usingizi. Ukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Ukilala, inapungua. Kwa hiyo aliyelala masaa mawili alasiri anafika kitandani usiku akiwa ameshalipunguza shinikizo lake, halafu anashangaa mbona macho ni makavu.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili: kikundi cha seli kama 20,000 ndani ya ubongo, kwenye sehemu iitwayo haipothalamasi, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Saa hiyo hupandisha na kushusha joto la mwili, na huiambia tezi ya pineali lini imwage melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kufichua namna saa hiyo inavyokwenda ndani ya seli. Walifanya kazi yao kwa vile vinzi vidogo vinavyozengea ndizi zilizoiva, kwa hiyo mtu wa Marangu au Kibosho anaishi na mashujaa wa utafiti huo jikoni kwake.

Kwa watu wengi saa ya mwili huchukua zaidi kidogo ya masaa 24 kumaliza mzunguko wake. Isiposahihishwa kila siku, inachelewa. Kinachoisahihisha kuliko kitu kingine chochote ni mwanga wa asubuhi.

Hatua ya kwanza: daftari, wiki moja au mbili

Nunua daftari dogo la shule. Kila asubuhi, baada ya kunywa chai, andika mambo matano: saa uliyopanda kitandani, muda uliochukua kusinzia (kadiria tu), mara ulizoamka na jumla ya muda uliokaa macho, saa uliyoamka moja kwa moja, na saa uliyotoka kitandani. Pembeni weka alama kama ulikunywa kahawa, pombe, au ulilala mchana.

Usitumie saa ya mkononi inayopima usingizi. Saa hizo zinakisia kwa kufuata mtikisiko wa mkono na mapigo ya moyo, na mwenye wasiwasi wa usingizi akiona zimemwandikia alama mbaya, siku nzima anajiona mgonjwa.

Mwisho wa wiki piga hesabu moja: gawanya wastani wa masaa uliyolala kwa masaa uliyokaa kitandani. Aliyelala masaa 6 kati ya 9 ana asilimia 67. Lengo ni 85 au zaidi. Namba hii itatumika baadaye, usiitupe.

Hatua ya pili: saa ya kuamka, si saa ya kulala

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanajilazimisha kulala saa 3 usiku, na usingizi hauna bosi. Kuamka unaweza kujilazimisha, na ukiamka muda uleule kila siku, saa ya kulala itajipanga yenyewe.

Chagua muda unaoweza kuushika siku saba za wiki, Jumapili ikiwemo, hata kama usiku ulilala vibaya. Anayewahi daladala za Pasua au Ngaramtoni atachagua saa 11 na nusu alfajiri. Mwenye duka anaweza kuchagua saa 12. Ukiamka saa 11 siku za kazi na saa 3 asubuhi siku ya mapumziko, umeisogeza saa ya mwili kama mtu aliyesafiri nchi ya mbali na kurudi, na Jumapili usiku utalipa.

Baada ya kuamka, toka nje. Si kusimama dirishani: nje. Ndani ya chumba chenye taa nzuri mwanga hupimika kwa mamia machache ya lux (kipimo cha mwanga), wakati uwanjani, hata asubuhi ya mawingu ya mwezi Julai Arusha, unafika maelfu. Jicho linaona tofauti ndogo kwa sababu linajirekebisha, lakini seli maalumu nyuma ya jicho zinazopeleka taarifa kwenye saa ya mwili zinahesabu kila kitu. Dakika 20 hadi 30 zinatosha: fagia uwanja, kata majani ya ng'ombe, tembea kituo kimoja kabla ya kupanda gari. Usivae miwani ya jua, na usilitazame jua lenyewe.

Sisi tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Tukiwa nyuzi kama tatu tu kusini mwa ikweta, mwaka mzima jua letu huchomoza baada ya saa 12 asubuhi na kuzama kabla ya saa 1 usiku. Hatuna kisingizio cha giza la majira ya baridi. Tunaikosa asubuhi kwa sababu tunatoka chumbani, tunaingia garini, tunaingia ofisini.

Na kama unadhani wazee wetu wasio na umeme walilala na kuku, soma habari za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, mkoa huuhuu wa Arusha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukiongozwa na Gandhi Yetish na Jerome Siegel uliwapima Wahadzabe, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, wote wakiishi bila umeme. Hawakulala jua lilipozama. Kwa wastani walisinzia zaidi ya masaa matatu baadaye, walilala kati ya masaa 5.7 na 7.1, na kwa kawaida waliamka kabla jua halijachomoza. Mwanga mwingi zaidi waliupata asubuhi. Mchana walijificha kivulini. Wataalamu bado wanashauri mtu mzima alale masaa 7 au zaidi, na ni ushauri mzuri, ila anayelala 6 na nusu na kushinda mchangamfu asijitafutie ugonjwa kwa kukimbizana na namba 8.

Hatua ya tatu: kahawa, chai na jamaa zao

Kusema vibaya juu ya kahawa katika mji kama Moshi, ambako kahawa ya nchi imepigiwa mnada kwa miaka mingi, kunahitaji ujasiri kidogo. Basi niseme hivi: inywe asubuhi.

Kafeini inafanana umbo na adenosini. Inakwenda kukaa kwenye viti vya adenosini ubongoni, mwenye kiti akija anakuta pamekaliwa. Uchovu upo palepale, ila ubongo hausikii. Na haiondoki haraka: kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake huwa bado iko mwilini baada ya masaa kama 5. Vikombe viwili vya kahawa chungu ulivyokunywa kijiweni saa 11 jioni ni sawa na kwenda kitandani saa 4 ukiwa na kikombe kizima mwilini. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2013, miligramu 400 za kafeini zilizomezwa masaa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima.

Kwa hiyo mpaka ni saa 8 mchana. Chai ya rangi ina kafeini kama nusu ya kahawa, kwa hiyo chai ya saa 1 usiku nayo inahesabika, pamoja na soda za kola na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ambavyo madereva wanavipenda. Mjamzito na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango kafeini hukaa mwilini mwao muda mrefu zaidi. Wao waishie asubuhi. Ukiwa umezoea vikombe vitano kwa siku, punguza kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, la sivyo kichwa kitakuuma.

Usingizi wa mchana: dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, na uweke kengele. Ukiwa kwenye hatua ya sita hapa chini, usilale mchana kabisa.

Hatua ya nne: jioni ipunguze makali

Melatonini huanza kupanda masaa mawili hivi kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, na mwanga mkali huichelewesha. Kuanzia saa 2 na nusu usiku zima ile taa nyeupe ya dari, baki na balbu ndogo ya manjano ukutani au mezani. Haigharimu kitu, na luku nayo inapumua.

Simu ina makosa mawili. Mwanga wake ni kosa dogo. Kosa kubwa ni yaliyomo ndani: kundi la familia ambako shemeji ametuma ujumbe wa sauti wa dakika saba kuhusu shamba la Rombo, au kamati ya harusi inayosoma majina ya wasiotoa mchango. Hakuna kioo cha kuchuja mwanga kinachozuia hayo. Ilale sebuleni ikichajiwa, na kama unahitaji kengele, nunua saa ya kengele ya mezani pale sokoni.

Chakula kikubwa kiishe masaa matatu kabla ya kulala. Nyama choma na ndizi za saa 4 usiku zinaleta kiungulia, na ukilala chali tindikali hupanda kooni. Ukishindwa kukwepa, lala ubavu wa kushoto. Tumbo limekaa kwa namna ambayo ubavu huo hupunguza tindikali kupanda. Mtori kidogo au uji hauna ubaya. Njaa nayo haimlazi mtu.

Pombe inahitaji maneno zaidi, kwa sababu watu wanaiamini. Ni kweli kwamba mbege au bia inakusinzisha upesi. Ila mwili ukishaichoma, usiku wa manane unaingia kwenye msukosuko: usingizi unakatika, moyo unakwenda mbio, kibofu kinakuita. Nusu ya kwanza ya usiku pombe imeshakunyima usingizi wa ndoto, nusu ya pili inakunyima utulivu. Anayekunywa ili alale na kushtuka saa 9 usiku kila siku hahitaji kutafuta mchawi.

Hatua ya tano: ndoo ya maji moto, na tofauti ya Moshi na Arusha

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke. Mwili hulishusha kwa kupeleka damu kwenye ngozi ya mikono na miguu, joto likatoka. Hapo ndipo maji ya moto yanapofanya kazi kinyume na unavyotarajia: ukioga maji ya moto, damu inakimbilia kwenye ngozi, na ukishatoka bafuni joto la ndani linashuka haraka. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Texas ulionyesha kwamba maji ya nyuzi 40 hadi 42.5, saa moja au mbili kabla ya kulala, yalisaidia watu kusinzia mapema kwa dakika kama 10. Ndoo moja inatosha. Kama maji ni ya shida, loweka miguu kwenye beseni kwa dakika 10.

Arusha, Juni hadi Agosti, usiku hushuka chini ya nyuzi 15. Vaa soksi, ongeza blanketi, acha upenyo wa hewa. Na hapa sina utani: usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yameshakuwa mekundu bila moshi. Yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania kwenye damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hajui anapozidiwa. Kila msimu wa baridi kuna familia zinazokutwa zimekufa hivyo.

Moshi, Januari na Februari, shida ni kinyume. Mchana unapita nyuzi 30 na kuta za tofali zinalitunza joto mpaka usiku. Funga mapazia mchana upande wa jua, fungua madirisha yenye wavu jua likizama, tumia feni ielekezwe mwilini. Chandarua kinakera wakati wa joto, najua, lakini mbu wa malaria huuma hasa usiku tukiwa tumelala. Kitundike juu zaidi na kiwe kipana ili hewa ipite.

Kelele: mbwa, baa ya jirani, mkesha wa maombi wenye spika. Vizibo vya masikio vya duka la dawa vinapunguza sana. Sauti moja isiyobadilika, kama ya feni, hufunika zile za kushtukiza. Kwa jirani wa baa, zungumza na mwenyekiti wa mtaa. Hilo halina dawa ya asili.

Hatua ya sita: kitanda kirudi kuwa kitanda

Hatua hizo za juu zinasaidia kila mtu. Hizi mbili zinazofuata, za sita na saba, ndizo zinazovunja tatizo sugu. Ndiyo sehemu ya tiba ambayo mwaka 2016 chuo cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliipendekeza itangulie vidonge. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulikuta kwamba kwa wastani tiba hiyo nzima inapunguza muda wa kusubiri usingizi kwa dakika 19, na muda wa kukaa macho katikati ya usiku kwa dakika 26. Haina dawa hata chembe.

Richard Bootzin aliianzisha kanuni ya kwanza mwaka 1972. Ubongo hujifunza kwa kuhusisha vitu. Ukigaagaa kitandani kila usiku kwa miezi, kitanda chenyewe kinakuwa ishara ya kugaagaa. Ndiyo maana unasinzia vizuri kabisa kwenye kochi taarifa ya habari ikisomwa, na ukipanda kitandani macho yanafunguka. Kukivunja kiungo hicho:

- Panda kitandani ukiwa na usingizi, yaani kope zinafunga zenyewe. Uchovu wa mwili pekee hautoshi.
- Kitandani ni usingizi na tendo la ndoa tu. Simu, hesabu za duka na kugombana na mwenzio vifanyike kwingine.
- Ikipita kama dakika 20 hujalala, toka. Usiangalie saa, kadiria. Kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilochangamsha: kunja nguo, chambua maharage ya kesho, soma Zaburi au kurasa za kitabu ulichokwisha kusoma.
- Rudi usingizi ukija. Usipokuja tena, toka tena. Usiku wa kwanza unaweza kutoka mara nne.

Mtu anayeishi chumba kimoja Majengo au Sakina atauliza: nitoke niende wapi, kitanda ndiyo kochi? Tenga kona. Mkeka na mto ukutani, au kiti cha plastiki miguuni mwa kitanda, na mchana pia ukae hapo, si kitandani. Tandika kitanda kila asubuhi na usikikalie mpaka usiku. Kama mnalala watoto na watu wazima, mweleze mwenzio mapema ili asishtuke akikuona umekaa gizani. Ukiwa nje ya chandarua vaa mikono mirefu na ujifunike miguu.

Kuamka mara moja mbili usiku si ugonjwa. Watafiti walipowapima tena Wahadzabe, watu wazima 33 kwa siku 20, walikuta kwamba dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu katika siku zote hizo. Kuna aliyekuwa macho karibu kila wakati. Kilicho shida ni hofu unayoiongeza juu ya kule kuamka.

Hatua ya saba: punguza muda wa kitandani

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Arthur Spielman na wenzake waliieleza mwaka 1987. Mtu asiyelala huwa anajaribu kujifidia kwa kupanda kitandani mapema zaidi. Anachopata ni usingizi uleule uliotandazwa juu ya masaa mengi, wenye matobo.

Tumchukue mama mwenye duka, anayepanda kitandani saa 3 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Masaa 9 kitandani, 6 ya usingizi. Daftari limemwonyesha asilimia 67. Mpango wake mpya: kuamka saa 12 asubuhi kama kawaida, kupanda kitandani saa 6 usiku. Masaa 6, basi. Wiki ya kwanza atasinzia dukani, atanuna, atatamani kumpiga aliyemshauri. Lakini shinikizo la usingizi linajenga, na baada ya siku kadhaa analala fofofo ndani ya yale masaa 6 bila matobo. Mwisho wa wiki anapiga hesabu: ikiwa amefika asilimia 85 au zaidi, anasogeza saa ya kulala nyuma kwa dakika 15, iwe saa 6 kasoro robo. Wiki inayofuata tena dakika 15. Anaendelea mpaka mchana asisikie usingizi. Ikishuka chini ya asilimia 80, anarudisha dakika 15.

Usishuke chini ya masaa 5 na nusu kitandani, hata kama daftari linasema unalala 4. Na hatua hii si ya kila mtu. Asiifanye mwenye kifafa, mwenye historia ya ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka hisia, mjamzito, wala anayeendesha chombo: bodaboda, basi la mkoani, gari la watalii kwenda Ngorongoro, mashine kiwandani. Usingizi wa sekunde tatu pale Kikatiti unatosha kuua watu. Hao wabaki na hatua ya sita na zilizotangulia.

Mpe jambo hili wiki sita hadi nane.

Hatua ya nane: mawazo

Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Mwenye rejesho la kikoba siku ya Jumatatu anajua kuwa unakawia sana.

Saa 1 usiku, mbali na kitanda, kaa dakika 15 na daftari. Upande mmoja andika kinachokusumbua, upande wa pili hatua moja ndogo ya kesho: "ada ya mtoto – kumpigia mwalimu mkuu saa 4 asubuhi." Penye jambo lisilo na hatua, andika "hakuna la kufanya wiki hii." Likija kichwani usiku, liambie limeshaandikwa.

Kisha pumzi. Vuta kwa sekunde 4, toa kwa sekunde 6, dakika 10. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika, mwendo unaotuliza moyo. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha utafiti uliowakuta watu wanaosali rozari kwa Kilatini, kwa kupokezana, pumzi zao zikishuka zenyewe hadi karibu 6 kwa dakika. Mwenye rozari na aitumie taratibu. Mwenye tasbihi vilevile na dhikri yake. Faida ya roho ni suala la imani ya kila mtu, ila hiyo ya mapigo ya moyo imepimwa.

Mitishamba na vya dukani

Mchaichai: watafiti wa Brazili waliujaribu kwa watu mwaka 1986 na hawakuona unalaza kuliko kinywaji cha kuigiza. Hauna madhara, una harufu nzuri, hauna kafeini. Kunywa kikombe kimoja mapema kwa sababu ni kitamu. Chai ya kamomili na maziwa ya moto ni kundi hilohilo: ushahidi wake ni mdogo, na kwa watu wengi havina madhara.

Kungumanga ni habari nyingine. Punje kidogo kwenye chai haina neno, ila kuna wanaosaga kijiko kizima ili walale. Kiasi hicho ni sumu: moyo kwenda mbio, kutapika, kuona vitu visivyokuwepo.

Piriton ni dawa ya mzio. Kusinzisha ni athari yake ya pembeni, mwili huizoea haraka, na asubuhi inakuacha na kichwa kizito. Kwa wazee inaongeza kuchanganyikiwa na kuanguka. Vidonge vya diazepam (dawa ya kutuliza wasiwasi) kutoka kwa jirani usivimeze; na kama umevitumia kwa wiki nyingi usiviache ghafla, muone daktari avipunguze taratibu.

Wanaofanya kazi usiku

Mlinzi au muuguzi anayetoka zamu asubuhi afanye kinyume: miwani ya jua na kofia njiani, chumba cheusi, alale mara moja akifika, na kafeini aiache nusu ya pili ya zamu. Waongozaji na wagumu (wapagazi) wa Mlima Kilimanjaro wana lao. Juu ya mita 3,500 hivi, kwenye kambi kama Horombo na Kibo, upungufu wa oksijeni huifanya pumzi ipande, ikatike, ianze tena, na usingizi unavunjika. Kukitokea hivyo huko, mtu asinywe pombe wala dawa ya usingizi. Zinapunguza pumzi zaidi. Akishuka, siku mbili za mwanga wa asubuhi na saa ileile ya kuamka zinamrudisha kwenye mstari.

Lini uende hospitali

Nenda Mawenzi, KCMC, Mount Meru au kituo cha afya kilicho karibu, na daftari lako mkononi, ukiona haya. Unakoroma kwa nguvu na mwenzio anasema pumzi yako hukatika halafu unashtuka ukihema. Hilo linaambatana na shinikizo la damu na halitibiwi kwa hatua yoyote hapo juu. Miguu inawashwa au kuvutika jioni mpaka uitikise. Omba upimwe madini ya chuma, hasa ukiwa mjamzito au mwenye hedhi nyingi. Unaamka kukojoa mara tatu au zaidi. Pima sukari, na mwanamume aliyepita miaka 50 aulizie tezi dume. Umepoteza hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru yanakujia: hapo usisubiri kliniki ya wiki ijayo, mwambie mtu wa nyumbani leo na mwende pamoja.